Foleni Iliyonisomesha

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili na baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kazi, nimeoa au nimefungiwa. Hapana. Nipo nyumbani, Chapwa.

Wengi wenu wa Dar hamkujui Chapwa, msibishe. Ni kata ya mji wa Tunduma, mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 900 za barabara kuu ya Zambia: Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Vwawa. Ukianza kuona malori yamesimama upande mmoja wa barabara mpaka macho yanachoka, utingo wanasonga ugali chini ya tela na soksi zimeanikwa kwenye kioo cha pembeni, jua umefika kwetu. Mbele kidogo ni Nakonde, Zambia.

Hiyo foleni ndiyo ninayotaka kuisimulia leo. Ilinisomesha, halafu na mimi nikaisoma, na wiki hii nimegundua kwamba niliisoma vibaya.

Mwezi uliopita mwalimu wangu mmoja wa chuo alinipigia simu. Kuna watafiti watatu, wawili wa vyuo vya nje na mmoja dada Mtanzania, wanalinganisha vituo vya mipakani vya nchi kadhaa za Afrika. Swali lao ni hili: serikali ikileta utaratibu mpya wa kutoa huduma, kwa nini pengine unashika na pengine unabaki kwenye jengo tu? Walikuwa wameiona tasnifu yangu ya shahada ya kwanza. Walitaka mwenyeji wa kuwazungusha Tunduma na Nakonde kwa siku tano, posho ipo. Nilikuwa na siku zangu za likizo. Nikapanda basi.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza nimekuja kufanya nini katikati ya mwezi. Nikamwambia nimekuja na watu wanaotafiti namna serikali zinavyobuni mambo.

"Wanayabuni? Ya uongo?"

Nikacheka, ila nikakosa jibu la haraka. Kiswahili chetu hiki! Neno ni moja: fundi anabuni mtindo wa kiti, na shahidi muongo anabuni ushahidi. Nikasema, hapana mama, ni ubunifu katika utumishi wa umma. Akasema sawa, lakini uso wake ulionyesha swali bado liko palepale.

Kwa wasiojua mambo ya mpakani, ngoja nieleze kidogo. Nilipokuwa mtoto, lori linalokwenda Zambia lilisimama mara mbili. Lilisimama Tunduma likamalizana na Tanzania, likasogea hatua chache, likasimama tena Nakonde kuanza upya na Zambia. Forodha mara mbili, uhamiaji mara mbili, mihuri juu ya mihuri. Wazo la kituo cha pamoja ni kusimama mara moja. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, upande wa nchi unayoingia. Lori la kwenda Zambia linapita Tunduma bila kusimama na kumaliza kila kitu Nakonde. Linalotoka Zambia na shaba linamaliza kila kitu Tunduma. Kwa hiyo kuna ofisa wa Tanzania anayetekeleza sheria za Tanzania akiwa ameketi kwenye ardhi ya Zambia, na mwenzake wa Zambia vivyo hivyo kwetu. Hilo halifanyiki kwa kupeana mikono, lazima sheria itungwe, na Bunge letu lilitunga ya kwake mwaka 2015.

Wa kwanza Afrika walikuwa Zambia na Zimbabwe pale Chirundu, kwenye mto Zambezi, Desemba 2009. Baadaye Tanzania ikapata vya kwake na majirani: Holili na Rusumo vilizinduliwa 2016, Namanga 2018. Zamu ya Tunduma na Nakonde ikafika tarehe 5 Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu wakaja wenyewe kuzindua. Mimi nilikuwa chuoni. Mama alikuwepo. Anachokumbuka kuhusu siku ile ni kwamba maandazi yaliisha kabla ya saa nne asubuhi.

Mama ni mama ntilie wa foleni. Namaanisha hivyo hivyo: hana kibanda. Kibanda kinangoja wateja, yeye anawafuata. Tangu nikiwa darasa la pili alikuwa anaamka saa tisa usiku, baridi ya huku mnaijua wale mliowahi kufika mwezi wa sita, anapika wali, maharage, nyama kidogo, chai ya tangawizi kwenye chupa mbili kubwa. Saa kumi na mbili hotipoti ziko kichwani na mkononi, na mimi nyuma na ndoo ya sahani. Tukifika barabarani anaangalia foleni ilipoishia leo, halafu tunaanzia mkiani. Kila siku mkiani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mazoea tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba dereva aliyefika jana usiku ana njaa na bado ana hela. Yule wa mbele kabisa ana siku kadhaa barabarani, hela imekwisha, anakula kwa mkopo.

Na hapo ndipo penye utamu. Foleni ile, wadau, ilikuwa na serikali yake. Nani kamtangulia nani ilijulikana bila karatasi. Dereva akilala akachelewa kusogea, kulikuwa na utaratibu wa kumgongea, na kulikuwa na muda wa kumsubiri kabla hajapitwa. Kulikuwa na kijana anayelinda dizeli usiku kwa malori kadhaa ya mfululizo na kulipwa kwa lori. Kulikuwa na wauza maji, wauza vocha, wabadilisha fedha waliojua kwacha imelalaje Nakonde kabla benki haijafungua mlango. Kulikuwa na mzee mmoja dereva, mtu wa pwani, kila akifika alikuwa anaamua ugomvi wa waliokutangulia na waliokufuata, na walimsikiliza. Hakuna aliyemteua.

Mkopo nao ulikuwa na kanuni zake. Mama ana daftari. Madaftari, kwa kweli, yako kumi na moja sasa, ya kaunta yale yenye jalada gumu. Dereva anayekula kwa mkopo anaandikwa jina la barabarani (maana wengi wanaitana kwa majina ya utani), namba ya lori, tarehe aliyoanza kula, halafu kistari kimoja kwa kila sahani. Akifika zamu ya kuvuka, analipa, mama anachora mstari na kuandika tarehe. Wengine walilipa wakirudi kutoka Zambia au Lubumbashi, wiki mbili tatu baadaye, na ile tarehe ya kuvuka inabaki, ya malipo inaandikwa pembeni. Kuna kurasa za mwanzo wa 2013 zina fujo kweli, Zambia ilipokata sifuri tatu kwenye kwacha yake, mama akawa anaandika "kwacha mpya" na "kwacha ya zamani" na mishale katikati.

Kutoka kwenye madaftari hayo ilitoka sare yangu, michango ya shule, godoro la bweni, na nauli ya kwenda chuo kabla bumu halijaingia. Ninajua hata kurasa zenyewe. Nauli yangu ya kwanza ya kwenda Dar ililipwa na dereva wa salfa aliyekuwa anadaiwa tangu Pasaka.

Sasa tuje kwenye tasnifu.

Mwaka wa tatu nilichagua kuandika juu ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde nikikilinganisha na Chirundu. Somo la utawala linganishi lilinivutia kwa sababu lilikuwa linanipa nafasi ya kusema neno juu ya kwetu bila kuonekana mshamba. Nikaja Chapwa mwanzoni mwa 2021 na barua ya utambulisho, nikaipeleka kwenye ofisi moja, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri. Nikapelekwa ofisi nyingine. Kibali cha kuuliza kama huduma ni za haraka nilikipata siku ya kumi na sita, na sikuona kichekesho kilichokuwamo humo, nilikuwa na haraka ya kugawa madodoso.

Sampuli yangu ilikuwa ya watu arobaini: maofisa na mawakala wa forodha. Dereva hata mmoja hakuwamo. Kwenye sura ya tatu, kile kipengele cha mapungufu ya utafiti, niliandika kwamba madereva "hawakuweza kupatikana kwa urahisi kutokana na mazingira ya kazi yao." Wadau, nililala nyumbani siku zote hizo. Kila jioni nilikuwa nakaa kwenye benchi la mama barabarani nakula wali pamoja na madereva ambao hawakupatikana kwa urahisi. Mmoja wao alinirekebishia chaja ya simu.

Hakuna aliyenikataza kuwauliza. Nilidhani tu kwamba utafiti ni kitu unachokwenda kukifanya ofisini, ukiwa umechomekea.

Na muda je? Nilipima muda wa kuvuka kwa kutumia kumbukumbu za lori linapoingia eneo la kituo mpaka linaporuhusiwa kutoka. Nikalinganisha na yaliyoandikwa juu ya Chirundu, ambako ripoti zilisema malori yaliyokuwa yakikaa siku kadhaa yalianza kuvuka kwa saa. Majibu yakatoka mazuri. Mapendekezo yangu: mafunzo zaidi kwa watumishi, mifumo ya kompyuta isomane (sisi wakati ule tulikuwa na TANCIS, Zambia wana ASYCUDA World, kila mmoja na lake), na "kuondoa kabisa foleni na shughuli zisizo rasmi zinazoambatana nayo."

Shughuli zisizo rasmi. Hapo ndipo alipokuwamo mama yangu, na nilimwandika hivyo kwa mkono wangu. Nikapata B plus.

Kwa kazi hii ya gazeti nimesoma vitu vingine baadaye, zaidi kwa sababu ya kuandika habari za serikali kila siku na kuchoka. Wapo wasomi watatu, Lant Pritchett, Michael Woolcock na Matt Andrews, wameandika sana juu ya dola zinazoiga umbo. Mfano wao wanauchukua kwa nyoka: yupo nyoka asiye na sumu aliyejivika rangi za mwenye sumu, na inatosha kumwokoa. Serikali nayo inaweza kuvaa rangi za serikali inayofanya kazi, ikapata sheria, jengo, nembo na kitengo, na wafadhili wakaridhika, kazi yenyewe ikabaki vilevile. Sisi hapa mifano hatukosi. Ule Mkataba wa Huduma kwa Mteja mnaouona umetundikwa ukutani kwenye ofisi za umma uliletwa na maboresho ya utumishi yaliyoanza miaka ya 2000, na wazo lake lina asili Uingereza ya John Major, 1991. Matokeo Makubwa Sasa ya mwaka 2013 tuliichukua Malaysia, pamoja na zile maabara za kufungia wataalamu wiki kadhaa, na Rais Kikwete alipoondoka haikukaa muda mrefu.

Lakini mimi siko upande wa wanaosema kila kilichoigwa ni bure. Kituo chetu si jengo tupu. Mabasi ya abiria na watu wenye pasipoti wanavuka kwa nafuu kubwa, nimevuka mwenyewe mara nyingi nimeona. Lori lililokwisha kuingia ndani na karatasi zake zimekamilika linatoka. Ile sehemu niliyoipima kwenye tasnifu ilikuwa ya kweli. Kosa ni kwamba nilianza kuhesabu getini.

Siku ya kwanza na wageni wangu tulipita kituoni, upande wa Tunduma na upande wa Nakonde. Tukapokelewa vizuri, tukaonyeshwa madirisha, tukanywa soda. Jioni nikawatembeza barabarani kwa miguu. Foleni ilikuwepo siku hiyo, ndefu, na haikuwa ya kwanza tangu uzinduzi, watu wa huku wanajua imekuwa ikirudi na kuondoka na kurudi. Yule dada akauliza swali ambalo mimi, mtoto wa foleni, sikuwahi kuliuliza: "Haya malori yote yanakwenda Zambia. Kwa utaratibu wa kituo cha pamoja, yanahudumiwa upande gani?"

Nakonde, nikasema.

"Kwa hiyo foleni imesimama nchi moja, na ufunguo wake uko nchi nyingine."

Nikasimama pale katikati ya lami. Ndivyo ilivyo. Eneo la Nakonde likijaa, malori yanarudi nyuma mpaka kwetu. Mwenye mzigo asipolipia ushuru Zambia mapema, lori linakaa ndani na la nyuma yake linakaa nje. Mtandao ukilala upande wa pili, sisi ndio tunaolala barabarani. Vumbi ni letu, ajali za usiku za kugonga matela yasiyo na taa ni zetu, choo ni chetu (yaani hakipo). Lakini mwenyekiti wa mtaa aende kulalamika kwa nani? Diwani ataita kikao na ofisa gani? Mbunge wetu anaweza kumbana waziri wetu Dodoma, na waziri wetu akajibu kwa haki kabisa kwamba upande wa Tanzania hakuna tatizo. Zamani lori lilipokuwa linasimama Tunduma kwanza, foleni ilikuwa na mwenyewe, unamjua na unaweza kumpigia kelele. Utaratibu mpya umepunguza kituo kimoja cha kusimama, na umeondoa mtu wa kulaumiwa. Sijaona mahali popote kwenye tasnifu yangu nilipoandika hivyo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa naifikiria ile hesabu. Saa ya ofisi inaanza lori likiingia getini. Ni wapi imeandikwa saa lori liliposimama mkiani? Hakuna. Madereva hawaandiki, kampuni zao wanazo za ving'amuzi vya kufuatilia magari lakini hawatoi. Nikageuka kitandani. Halafu nikakaa.

Madaftari ya mama yalikuwa juu ya kabati, kwenye mfuko wa Rambo, siku zote yako pale. Tarehe ya kuanza kula, vistari vya sahani, tarehe ya kuvuka. Mwaka baada ya mwaka, kabla ya kituo na baada ya kituo. Kaligrafu ya darasa la saba, haina hata mstari uliopinda. Nikayashusha taratibu, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kupiga picha. Nilipiga kurasa kumi na saba. Mama alikuwa amelala chumba cha pili, namsikia anavyopumua. Nilijiambia nitamweleza asubuhi. Nikajiambia vilevile kwamba hata nisipomweleza si neno, ni madeni ya zamani, yamekwishalipwa.

Kazini kwetu tuna jina la mtu anayechukua nyaraka bila mwenyewe kujua. Tunamwita mwandishi hodari.

Asubuhi nikamwonyesha yule dada picha mbili. Alizitazama muda mrefu. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho katika mipaka yote waliyopita. Halafu akaniuliza, "Mama amekubali?"

Nikasema atakubali.

"Sijauliza hivyo, kaka."

Tukaenda nyumbani wote wanne. Wakamwamkia mama, wakaketi, chai ikaletwa. Dada akatoa fomu ya ridhaa, ya Kiswahili, kurasa mbili. Mama akavaa miwani akaisoma yote, neno kwa neno, mpaka wageni wakaanza kutazama saa. Nimeona maofisa wakisaini fomu ile ile bila kufungua ukurasa wa pili.

"Hapa mmeandika jina langu litafichwa," akasema. "La kwangu mimi sina shida nalo, kila mtu barabarani ananijua. Ya hawa je? Hawa wamo humu, na hamjawauliza."

Dada akasema wangeficha na majina ya madereva.

"Na namba za magari? Tajiri wa lori akiona gari lake lilikaa Tunduma siku nane wakati dereva alimwambia siku tano, atamfanya nini? Na huyu aliyekuwa anakula sahani mbili kila jioni, ya pili ya nani? Mkewe yuko Morogoro. Mtu akikopa kwangu, kanikopa mimi."

Mzungu mmoja akaomba atafsiriwe. Dada akamtafsiria. Akanyamaza.

Nilikuwa na simu mfukoni, na picha kumi na saba ndani yake. Ningeweza kukaa kimya, wao wangeondoka, na mimi ningebaki na habari ya ukurasa wa mbele. Wadau, nawaambia ukweli kwa sababu nimekwisha kuwaambia mengi ya wengine hapa: sekunde kadhaa nilikaa kimya. Nilishaona na kichwa cha habari.

Nikamwambia, "Mama, nimeshayapiga picha. Jana usiku."

Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akanitazama kama anavyomtazama dereva aliyevuka bila kulipa. "Kwa hiyo na wewe umeyabuni," akasema.

Nikazifuta mbele yake, moja moja, yeye akihesabu. Alipofika kumi na saba akaniambia nifungue na pale zinapokwenda zilizofutwa. Sikujua kama anajua mahali hapo.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Wageni wakaanza kukusanya karatasi zao. Mama akawauliza kilichowaleta hasa ni nini, maana mpaka sasa hajaambiwa vizuri. Dada akamweleza kwa lugha nyepesi kuliko nilivyoeleza mimi: wanataka kujua mtu anakaa barabarani siku ngapi kabla hajafika getini, kwa sababu hizo siku hazihesabiwi na mtu yeyote, na kisichohesabiwa hakuna anayepewa kazi ya kukipunguza.

"Siku tu?"

Siku tu.

"Basi siku nitawasomea. Kalamu aishike huyu."

Tulikaa kuanzia saa tano mpaka jua linazama. Alikata kipande cha boksi, akakiweka juu ya ukurasa kikafunika majina na namba, akawa anashusha mstari mmoja mmoja. Alisoma tarehe ya kuanza, tarehe ya kuvuka. Mimi naandika. Hakuruka madeni yaliyomtia hasara. Mara nyingine alinyamaza kwenye mstari, akatabasamu au akatikisa kichwa, na hakusema kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Kuna miezi tarehe zilikuwa karibu karibu, kesho na keshokutwa; miezi ya baada ya uzinduzi kuna kurasa zina madeni mawili matatu tu, na nilikumbuka kwamba ndiyo miezi aliyokuwa ananiambia kwenye simu biashara imelala, nami namjibu kwa furaha kwamba ni dalili nzuri, kituo kinafanya kazi. Halafu kurasa zinajaa tena.

Nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwaka 2021. Foleni ikiisha kabisa, yeye atafanya nini?

"Nitalala mpaka saa kumi na mbili."

Kwani hataki foleni irudi?

"Wewe unadhani ninapenda kumuuzia mtu wali wa mkopo siku ya sita? Ningemuuzia wa pesa taslimu siku ya kwanza, akaenda zake, akaja mwingine. Malori ni yale yale. Siku hiyo mngeniuliza ningewaambia tengeni sehemu ya kula pale ndani, kila anayepita ale mara moja. Lakini mlinifanya shughuli isiyo rasmi."

Kumbe aliisoma. Nilimpa nakala mwaka ule nikidhani ataiweka tu kabatini karibu na cheti.

Kwenye daftari la tisa, ukurasa wa Mei 2020, boksi lilisimama. Wengine mnakumbuka, ndiyo siku zile za korona, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde siku kadhaa na madereva wakakwama pande zote, hakuna anayetaka kumkaribia mwenzake. Mama alipeleka chakula siku zote zile, anaweka sahani kwenye bampa, anarudi nyuma hatua kumi. Alisoma tarehe ya kuanza. Nikasubiri ya pili.

"Huyu usimwandike," akasema. "Huyu hana tarehe ya kuvuka."

Dada alinyanyua kichwa, nadhani alitaka kueleza kwamba hata wasiokamilika wana namna yao ya kuhesabiwa. Hakusema. Mama akashusha boksi mstari wa chini yake, akaendelea.

Jumla tumepata mistari mia nne na kidogo, na dada ameichukua nakala iliyoandikwa kwa mkono wangu. Madaftari yamebaki Chapwa, ila hayako tena juu ya kabati, na sijaambiwa yako wapi. Posho yangu niligawana na mama nusu kwa nusu; aliipokea, akaniandikia na mimi kwenye ukurasa mpya, kwa sababu kuna hela ya nauli nilimkopa nikija. Basi langu ni saa kumi na moja alfajiri. Ameshaniambia nitatembea naye mpaka barabarani kwanza, kuna ndoo ya sahani.